Hapana ya Kwanza: Maisha ya Bibi Mastura, Mkunga wa Herat na Hamburg

Alizaliwa Herat, mji wa Waafghani, siku ya tatu ya Mwaka Mpya wa kwetu, mwezi Machi 1950, katika nyumba iliyonukia mkate mchana kutwa. Baba yake, Ustadhi Yaqub, alikuwa mwokaji mikate karibu na Msikiti wa Ijumaa, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto kuanzia vidole hadi viwikoni, kwa kuwa mkate wa kwetu hubandikwa kwa mkono kwenye ukuta wa tanuri. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "aa!" Alipoungua alisema "kheri tu," akaendelea na kazi, na watoto wake saba walijifunza kwake kwamba mtu wa heshima hawasumbui wengine kwa maumivu yake. Mastura alikuwa wa nne. Wazee waliomfahamu wanasema alikuwa mtoto mkaidi mwenye ulimi mkali, na hatuna sababu ya kuwabishia, kwa kuwa ulimi huo aliuhifadhi vizuri hadi uzeeni. Lakini adabu ya nyumbani ilimwingia kama ilivyotuingia sote. Mgeni akikaribishwa chai hukataa mara ya kwanza kwa heshima, hukataa mara ya pili kwa haya, na mara ya tatu ndipo hupokea. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na anayeuliza mara moja tu ni bahili. Hayo hakuna aliyeyaandika popote, na hakuna asiyeyajua.

Mwaka 1968 alikwenda Kabul kusomea ukunga, akarudi Herat miaka mitatu baadaye, akiwa na cheti, mkasi na mkoba mweusi. Kwa muda wa miaka kumi na tatu alipokea watoto wa mji ule, na kabla ya kumkabidhi mtoto kwa baba yake ili aadhiniwe sikioni, alikuwa na desturi ya kumnong'oneza neno moja: "Karibu." Aliolewa na Mwalimu Haidar, mfundishaji wa hesabu, mtu mpole aliyeomba radhi hata kwa kiti alichokikwaa. Mungu hakuwajaalia mtoto, nao walilibeba jambo hilo bila kulaumiana, na tunawashukuru kwa mfano huo. Vita vilipozidi, waliondoka mwaka 1984 kwa miguu hadi Mashhad, ng'ambo ya mpaka, na mwaka 1988 wakafika Hamburg, wakapewa chumba kimoja na jiko kwenye ghorofa ya sita katika mtaa wa Steilshoop. Cheti cha ukunga kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba yao ya Herat. Ofisi ilimwambia kwamba bila karatasi hakuna mkunga, naye akajibu kwamba watoto wapatao elfu mbili wa Herat wangeshangaa kusikia hivyo. Hakuna aliyemtafsiria maneno hayo, na pengine ilikuwa heri.

Ndipo ulipomjia mtihani uliomfanya awe yule tunayemkumbuka. Mwezi Machi 1990, Mwalimu Haidar alianza kuumwa kifua. Asubuhi tatu mfululizo mkewe alimwona akiuma mto ili asimwamshe. Walikwenda kwa daktari, na kwa kuwa mwalimu hakujua Kijerumani, Mastura ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa maneno mia mbili aliyokuwa ameyakusanya dukani na kwenye basi. Daktari aliuliza kama kifua kinauma. Mwalimu Haidar alitabasamu, akaweka mkono juu ya kifua kilekile kilichokuwa kikiuma, akasema, "Hapana, Daktari, kwa baraka zako, si kitu." Mastura alijua ukweli. Lakini mke wa Herat hamkanushi mumewe mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye elimu. Akatafsiri: "Hapana." Daktari aliandika alichoambiwa, akawapa dawa ya tumbo. Siku mbili baadaye, Ijumaa kabla ya adhuhuri, mwalimu alianguka akifunga vifungo vya shati ili aende kuswali, na hakuinuka tena.

Siku arobaini za msiba zilipokwisha, Mastura alikwenda kwa Mullah Abdulwasi, imamu wa msikiti wetu wa chini ya ghala, akamwambia maneno ambayo mullah aliyatunza hadi alipoyasimulia kwenye maziko ya Mastura: "Wengine wanaua kwa kisu. Mimi nimemtafsiria mume wangu kifo chake, neno kwa neno, bila kosa." Mullah alimweleza habari za ajali, siku ya kufa aliyoandikiwa kila mtu, na za rehema, kama ilivyompasa. Mastura alimsikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Nimekuelewa, Mullah sahib. Lakini nimemwekea Mungu nadhiri. Nikimwona mtu anaumwa naye anaficha kwa adabu, sitanyamaza tena, hata nikionekana sina adabu mji mzima." Kwa mwanamke wa kwetu, nadhiri hiyo ni nzito kuliko kufunga mwaka mzima, kwa sababu jina jema ndilo pekee tulilolivusha mpakani likiwa salama.

Mwaka 1991 alipata kazi ya kusafisha sakafu katika hospitali moja ya Hamburg, wodi ya wazazi. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na sharti moja kubwa: msafishaji hasemi na mgonjwa. Kwa miaka miwili alipita na ndoo yake katikati ya kazi aliyoijua kuliko alivyoijua sakafu, akiwa amefunga mdomo. Ilimuuma sana, na baadaye alikuwa akisema waziwazi kwamba katika miaka hiyo aliupiga deki ulimi wake pia.

Tarehe 12 Oktoba 1993, kitanda cha dirishani kilikuwa na Pariwash, msichana wa miaka ishirini kutoka Ghor, aliyejifungua binti siku tatu zilizopita. Alikuwa amekuja Ujerumani akiwa mjamzito, bila mama wala dada. Kando yake aliketi mama mkwe wake, Bibi Sanobar, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyekuwa bado anakaa kama yuko uani kwake. Kwenye meza kulikuwa na maziwa mgando kutoka kwenye friji, saladi ya matango na maji yenye barafu, na vyote havikuguswa, maana mzazi wa kwetu hapewi vitu vya baridi. Hupewa uji wa unga uliokaangwa kwa samli, wenye tangawizi na kokwa za jozi. Wauguzi walikuwa wameandika kwamba mgonjwa hana hamu ya kula. Muuguzi wa zamu, Frauke, mwanamke mrefu mwenye haraka na moyo safi, aliingia, akauliza kwa Kijerumani cha polepole: "Maumivu?" Pariwash alitikisa kichwa, akatabasamu, akasema asante. Frauke aliandika. Alasiri ile angeruhusiwa kwenda nyumbani.

Mastura alikuwa akipiga deki chini ya kitanda. Alimwona Pariwash akitaka kugeuka, akaona kwamba mguu wa kushoto aliuinua kwa mikono miwili na kuusogeza kama mzigo wa mtu mwingine. Alisimama na fimbo ya deki mkononi.

"Mwanangu, huo mguu unakuuma?"

"Hapana, Khala jan, asante. Usijisumbue." Khala ndivyo tunavyomwita dada wa mama, na jan ni neno la upendo, na msichana alimwita hivyo papo hapo, bila kumjua, kwa sababu alikuwa amesikia lugha ya nyumbani.

"Unakuuma kidogo?"

"Si wa kusema, Khala. Utapoa."

Bibi Sanobar aligeuka. "We mfagiaji, nani kakuita? Huyu mkamwana wangu ametoka kwa watu wenye haya. Hapigi mayowe mbele ya wageni."

Na hapo, wapendwa, Mastura angeweza kuomba radhi na kuondoka, na dunia nzima ingemsifu kwa heshima zake. Aliweka fimbo chini. "Haya anayo ya kutosha, Bibi," alisema. "Uhai ndio utakaompungukia." Kisha akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akaushika mkono wa msichana. "Mwanangu, mama yako hayupo hapa, na mimi ni mkunga. Nakuuliza mara ya tatu, kama anavyoulizwa mtu kwetu. Unakuuma?"

Pariwash akaanza kulia. "Unaniuma, Khala. Unaniuma tangu juzi. Naona kama unapasuka."

Mastura alifunua shuka, akaona mguu umevimba na una joto, akajua mara moja. Alitoka mbio hadi ukumbini akiita, na Kijerumani chote kikamponyoka isipokuwa maneno mawili, "mguu" na "damu," ambayo aliyarudia kwa sauti iliyowatoa watu vyumbani. Frauke alikuja, daktari akaja. Lilikuwa donge la damu kwenye mshipa, na daktari alisema baadaye kwamba kama msichana angepanda ngazi za nyumbani jioni ile, huenda lingefika mapafuni. Pariwash alitibiwa siku kumi na moja, akarudi nyumbani na binti yake, ambaye leo ana watoto wake mwenyewe. Bibi Sanobar alimpita Mastura mlangoni bila kumtazama. Msimamizi wa kampuni ya usafi alimwachisha kazi siku ileile, kwa kuvunja sharti.

Majirani wanakumbuka kwamba alirudi Steilshoop mchana huo akiimba. Majuma matatu baadaye Frauke alibisha mlangoni kwake, kwa anwani aliyopewa na Pariwash. Mastura alimkaribisha chai. Frauke alisema hapana, asante. Mastura alimimina. Frauke alikunywa kwa heshima, na birika lilipokaribia tena alisema hapana, akamiminiwa tena, hadi glasi ya tano, alipofunika glasi kwa kiganja kama mtu anayejihami.

"Bibi Mastura, nimesema hapana mara nne!"

"Uso wako ulisema njoo. Nitajuaje?"

"Kwetu hapana ni hapana."

"Basi nyinyi ni watu rahisi," alisema Mastura. "Kwetu hapana ya kwanza ni adabu."

Frauke aliitazama glasi yake. "Kwa hiyo Pariwash aliponiambia hapana..."

"Ilikuwa ya kwanza tu, mwanangu. Wewe uliiandika kama ya mwisho."

Kwa maneno hayo kazi ilianza. Frauke alihangaika na wakubwa wake miezi mitano, na mwaka 1994 Mastura alirudi wodini akiwa na kiti, beji na cheo ambacho hakuna aliyeweza kukitamka. Kwa miaka kumi na saba aliwafundisha wauguzi na madaktari mambo ya kawaida kabisa: kwamba mume asifanywe mkalimani wa mkewe, wala mke wa mumewe; kwamba chakula cha mzazi kipashwe moto; kwamba baba apewe dakika mbili za kuadhini; kwamba mwanamke wa Herat anayesema moyo wake umebana ana hamu ya kwao, msimfunge nyaya kifuani kabla hamjamuuliza habari za mama yake. Nao Waafghani aliwafundisha jambo gumu zaidi. Alikwenda nyumba kwa nyumba akisema, "Daktari si mgeni wako. Mkosee adabu. Mwambie inauma." Wazee walimwita mharibifu wa watoto wa watu. Yeye aliwapelekea mkate.

Yanasimuliwa maajabu yake. Mama mmoja wa Bremen anasema alifungwa ulimi mbele ya daktari, akataja jina la Bibi Mastura, na maneno yakamtoka kwa Kijerumani asichowahi kujifunza. Mwingine anasema alinusa mkate wa moto katika chumba cha upasuaji. Tunayapokea kwa heshima, na Mungu ndiye ajuaye. Sisi tuliomwona tunadhani ajabu kubwa ilikuwa kwamba mwanamke aliyelelewa asiseme maumivu yake alitumia maisha yake kusema ya wengine.

Alifariki tarehe 9 Aprili 2016, saa nne asubuhi, katika hospitali ileile, kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka sitini na sita. Watakatifu wengi husifiwa kwa kuvumilia kimya. Huyu hakunyamaza. Alilalamikia mto, chai, dirisha na mgongo, kila kitu kwa jina lake na mahali pake, na wauguzi aliowafundisha walitengeneza kila kimoja huku wakicheka na kufuta machozi. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri yalikuwa, "Sasa haiumi. Alhamdulillahi. Andikeni."

Hitima ya siku ya arobaini ilijaza msikiti hadi ngazini. Tulisoma, tukala wali wa karoti na zabibu, tukamshukuru Mungu aliyetupa mtu kama yule katika nchi ya ugenini. Upande wa wanawake aliketi Bibi Sanobar, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakuwa amemsemesha Mastura hata kwa salamu. Watu walipoanza kukusanya vyombo, aliinua mkono, na ukumbi ukatulia, kwa sababu ukoo wake bado unaogopwa.

"Alinitukana mbele ya mkamwana wangu," alisema. "Na akaniachia mama wa wajukuu wangu. Sikumwambia asante. Nilingoja aje kwanza yeye. Haya basi, namwambia leo, mbele yenu." Akashika nyonga yake ya kulia kwa mikono miwili. Uso ulimgeuka mwekundu kama wa binti mdogo. "Na hii inaniuma. Siwezi kukaa. Siwezi kuswali. Inaniuma mwaka wa tisa huu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hata mara moja. Pariwash aliweka sahani chini, akamshika mkono mama mkwe wake, wakatoka polepole kwenda kwa daktari, wakiwa bado na nguo za hitima.