Miezi Thelathini na Sita ya Sajenti Pettway

Royce Pettway alitumikia kikosi cha mizinga miaka ishirini na miwili, mingi yake hapa Lawton, Oklahoma, akastaafu mwezi wa Mei. Agosti alikuja dirishani kwangu chuoni, ninaposhughulikia karatasi za wastaafu wa jeshi, pamoja na binti yake, Kendra. Binti alikuwa amepata nafasi ya uuguzi katika chuo kikuu cha jimbo. Baba alitaka kumkabidhi mafao yake ya masomo: miezi thelathini na sita ya karo, na posho ya nyumba juu yake.

Nikatazama kwenye kompyuta. Mahali pa jina la mtoto palikuwa patupu.

"Sajenti, uliyahamisha lini?"

"Kuhamisha? Huyu ni mwanangu. Si yanakwenda yenyewe?"

"Hayaendi yenyewe. Ilibidi uombe ungali umevaa sare, na ukubali kuongeza miaka minne ya utumishi."

"Mbona hiyo minne nimeitumikia!"

"Umeitumikia bila kuomba."

Akauliza nani alipaswa kumwambia. Nikamkumbusha mkutano wa elimu wa kila mwaka kikosini, ambako hayo huelezwa, ule wa kutia sahihi ya mahudhurio mlangoni. Wanajeshi wote wanaokuja dirishani kwangu wanaijua desturi ile: mkutano ukiangukia Ijumaa, mmoja anaketi ukumbini na kuwatilia sahihi wenzake watano.

"Mwenzangu Tibbets alinitilia sahihi," alisema. "Kila mwaka."

"Na wewe ulikuwa wapi, Baba?" Kendra aliuliza.

"Tulikuwa tunachoma mbavu."

"Basi mlikula chuo kikuu kizima."

Hakuna aliyecheka. Kendra akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari lao.

Nilimweleza baba yake kilichobaki. Miezi ile hakuna awezaye kuitumia isipokuwa yeye mwenyewe. Akiingia darasani, karo yake italipwa, na posho itaingia mkononi mwake kila mwezi. Hakuna atakayemuuliza anaifanyia nini. Ingetosha kumsomesha Kendra uuguzi hapa hapa chuoni kwetu, si kule alikotaka.

"Mimi, darasani? Bi Wilma, mimi sekondari nilimaliza kwa sababu walimu walichoka kuniona."

"Basi nenda ukawachoshe hawa."

Alijiandikisha masomo manne. Kendra aliiacha nafasi yake ya chuo kikuu, akajiunga na chuo chetu, na sikumsikia akiitaja. Walikuwa wakija kwa gari moja, lakini kutoka maegeshoni binti alitangulia hatua kumi, baba akifuata na mkoba mgongoni. Vijana wa darasani walimwita Babu. Aliitika.

Katikati ya Oktoba, siku ya mwisho ya kuacha somo, alikuja na fomu ya kuacha aljebra. Nikamwambia akipunguza somo, posho nayo inapungua, na karo ya Kendra ya Januari haitatimia. Alikuwa bado amesimama pale, kalamu mkononi, Kendra alipoingia kumtafuta. Aliiona fomu.

"Umepata ngapi, Baba?"

"Thelathini na moja."

"Kati ya mia?"

"Sikuuliza, mwanangu. Niliondoka haraka."

Kendra aliangalia pembeni ili asicheke, akashindwa. Halafu akanyoosha mkono. "Nipe karatasi ya mtihani."

Wakakaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu.

"Ona, hapa umegawanya upande mmoja tu. Ukigawanya huku, unagawanya na kule."

"Kwa nini?"

"Ni amri, Sajenti."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akaandika polepole, akafuta, akaandika tena. Binti hakumnyang'anya kalamu. Saa kumi na moja ndiyo mwisho wa kupokea fomu, nami niligonga kioo kuwakumbusha. Hakuna aliyeinua kichwa. Karatasi ya mtihani ilikuwa imejaa, na swali la tatu walikuwa wakilifanya nyuma ya ile fomu.