Zambarau kwenye Jiwe la Wifi

Wifi yangu hakuuawa na Mungu. Aliuawa na binamu wa mume wangu, aliyekuwa msimamizi wetu, na yule mama anayetengeneza rangi. Yupo na mwingine, nitamtaja, lakini si sasa.

Kazi ilikuwa kusaga mawe. Mawe ya zambarau, mazuri, yanapitisha mwanga kama kipande cha chupa. Unayasaga mpaka yanapauka na kuwa unga laini, kisha yule mama anaukanda kwa gundi ya mgunga na asali yetu hii ya Singida, zambarau inarudi, inakuwa rangi ya kuchorea picha kwa maji. Msimamizi alitaka wanawake waliokulia kwenye jiwe la kusagia mtama, na kila mmoja aje na jiwe lake.

Tulisagia kijijini Ihanja, kwenye chumba cha uani cha msimamizi, madirisha yamefungwa upepo usichukue unga. Tulipiga magoti tukasaga kikavu, kama nafaka. Kwetu nani analowesha jiwe la kusagia? Ukililowesha unga unachacha, mama mkwe anakusema mwaka mzima. Na tuliimba, maana kusaga bila wimbo mkono unachoka. Wifi anaanzisha, sisi tunaitikia, midomo wazi, vumbi linaingia. Tukitazamana, nyusi nyeupe.

"Jamani, tumezeeka kabla ya wajukuu!" wifi anasema, tunacheka.

Siku moja yule mama wa rangi alikuja. Alisimama mlangoni akafunika pua kwa mtandio.

"Mbona hawatumii maji? Mimi kwangu nasaga na maji."

"Ukilowesha, kukausha ni siku tatu," msimamizi akamjibu. "Hawa wamezoea, mama."

Akatutazama. Akasema, "Haya." Akabeba unga wake akaondoka. Alijua, akasema haya.

Wifi alianza kukohoa wakati wa kupanda. Kufika mavuno hawezi kubeba ndoo. Dawa za kifua kikuu alimeza, hazikusaidia kitu. Mjini wakampiga picha ya kifua, daktari akauliza anafanya kazi gani. Tulipomwambia, aliweka kalamu chini, akasema ni vumbi la mawe. Wifi alikufa ameketi, maana akilala anakabwa.

Msibani wazee wakasema ni kifua cha ukoo.

"Kweli, hata shangazi alikuwa nacho," msimamizi akadakia.

Wanawake walikuwa wameshaleta jiwe la marehemu wasage unga wa ugali wa msiba. Nilichukua kopo la maji nikalimwagia. Zambarau ikatoka kwenye vitundu vyote vya jiwe, ikachuruzika mpaka kwenye viatu vya msimamizi.

"Shemeji, hapa ni msibani."

"Ndiyo. Na kifua cha ukoo ndicho hicho. Waambie wazee tulikuwa tunasaga nini."

Alivaa kofia yake akaondoka. Lakini baba mkwe aliona, na tangu siku ile neno la ukoo hajalirudia.

Huyo mwingine ni mimi. Ndimi niliyemwita wifi kazini, kwa sababu nilitaka mwenye sauti nzuri. Jiwe lake liko nyuma ya nyumba yangu, nimelifudikiza. Unga nachukua mashineni, napumzika mara nne njiani. Nikisikia mahali wanawake wanasaga wakiimba, nazunguka.