Bakuli la Poi kwa Ok-hui

Kwa miaka ishirini na tisa Leimomi Kaneakua alipiga pasi mashuka ya wageni katika hoteli moja ya Waikiki, huko Hawaii, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kukaa mgahawani akahudumiwa. Hakuona sababu. Nyumba yao ya kupanga pale Kalihi ilikuwa na jiko, na jiko lilikuwa na yeye. Ndiyo maana Jumapili ile mwanawe Palani alipomwambia avae vizuri, wanakwenda kula kwenye mgahawa mpya wa Kihawaii na Kikorea, alijua papo hapo kwamba hakuna heri.

Alijua hata ni jambo gani. Mkwewe, mke wa Palani, na wajukuu wake wawili walikuwa wameondoka wiki mbili nyuma kwenda Las Vegas, eti kutembea. Lakini mtu haendi kutembea na vyeti vya shule. Nusu ya mtaa ilikuwa imeshahamia huko jangwani, kwa sababu kisiwani mwao kodi ya nyumba sasa imewekwa kwa mfuko wa mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka kuota jua, na aliyezaliwa pale, ambaye wazee wake walilima pale kabla ya hoteli ya kwanza, anaambiwa akishindwa ahame. Anahama. Na hakuna anayeona haya.

Mgahawa ulibanwa kati ya duka la matairi na kinyozi. Mwenye mgahawa, Mkorea wa makamo aitwaye Ok-hui aliyeolewa na Mhawaii, aliwaletea sinia mwenyewe: nyama ya nguruwe iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, mbavu za ng'ombe za kuchoma, madonge mawili ya wali, kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na vibakuli vingine vya mboga. Leimomi alizitazama zile mbavu kama anayekagua shuka, akaonja. Zilikuwa tamu kuliko zake.

Palani alifuta mikono. Alikuwa na miaka thelathini na nne, fundi wa viyoyozi, mwenye mabega ya baba yake. Alisema kuna jambo anataka waongee.

Leimomi akavuta bakuli la poi lililokuwa kando ya sinia, akabandua kifuniko, akaliweka katikati ya meza.

Palani akafumba mdomo. Kwao gimbi ni kaka wa kwanza wa binadamu, na poi ni gimbi lililochemshwa na kupondwa. Bakuli la poi likiwa wazi, kaka yupo mezani: hakuna ugomvi, hakuna biashara, hakuna habari mbaya. Babu yake aliwahi kumfukuza mjomba mzima mezani kwa kupandisha sauti tu.

"Mama, unanifanyia makusudi."

"Nakula, baba. Si umenileta nile?"

Alikula kwa ncha ya kidole, polepole, akimweleza habari za jirani na mguu wake. Palani alisikiliza kidogo, kisha akalivuta bakuli kwake akaanza kuchota kwa vidole viwili, haraka haraka: poi ikiisha, ataweza kusema.

"Tangu lini?" Leimomi akamwuliza. "Wewe si ulikuwa unaitema kwenye shati la baba yako?"

"Nimekua."

"Mdomo ndio umekua."

Palani alicheka bila kutaka, akalisafisha bakuli mpaka chini. Lakini kwa Wakorea kibakuli kikiwa kitupu ni aibu ya aliyepika. Ok-hui alipita, akaliona, na kabla Palani hajainua mkono akawa ameshalijaza tena.

"Dada, kijana wako anakula vizuri," alisema. "Umelea."

"Nimejitahidi," akajibu Leimomi.

La pili nalo likaliwa. La tatu likaja. Palani alianza kutoka jasho kwenye paji la uso. Alikuwa haonji tena, anameza tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama yake aliacha habari za jirani. Alimtazama mtoto huyu ambaye hangethubutu kusema neno baya mbele ya bakuli wazi, hata kama tumbo litapasuka, na akaona wazi jambo ambalo hakulifikiria alipokuwa akijiona mjanja: Palani asiposema leo, hatasema. Atamrudisha nyumbani, atambusu, na siku moja atatoka na begi kama anayekwenda kazini.

Akalitoa bakuli mikononi mwake, akalifunika mwenyewe.

"Sema."

Alisema. Ndege ni Alhamisi. Kazi ipo, nyumba ya vyumba vitatu ipo, chumba kimoja ni cha Mama. Nyumba ya hapa wanaikabidhi kwa mwenyewe mwisho wa mwezi.

"Watoto wanajua hawarudi?"

"Wanajua, Mama."

"Kwa hiyo walinikumbatia pale mlangoni wakijua."

 Palani alimsihi waondoke wote. Leimomi alisema hawezi. Jina lake lilikuwa kwenye foleni ya viwanja ambavyo serikali huwagawia Wahawaii wa asili tangu akiwa na miaka thelathini na mmoja. Mumewe alikufa akiwa kwenye foleni hiyo hiyo.

"Wakiita jina langu, nani ataitika?"

"Mama, una miaka sitini na minane. Hawataita."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokata. Alimwuliza atalala wapi mwezi ukiisha. Leimomi alifikiri juu ya dada yake mwenye watu tisa ndani ya nyumba moja, akafikiri juu ya mahema ya wasio na makazi yaliyopangwa kando ya mfereji.

"Alhamisi nitakupeleka uwanja wa ndege," alisema hatimaye. "Hapo ndipo mwisho wangu."

Ok-hui alikuja kutoa sinia, akaona wali na nyama nusu vimebaki, akauliza kwa wasiwasi kama chakula kilikuwa kibaya.

Leimomi akasema hapana, kilikuwa kizuri sana.