Majani Yasiyooshwa ya Trendafila

Kijijini kwetu Dolna Reka, huku Bulgaria chini ya milima ya Rodopi, ukishikwa na tumbo hukimbilii kwa daktari. Unakwenda kwa Trendafila. Mimi ni jirani yake, uzio tu unatutenganisha, na kwa ubishi sijaona mfano wake. Ushirika wa kilimo wa serikali ulipovunjika na watu kurudishiwa mashamba, wengine walipanda nyanya. Yeye alipanda dawa: mnanaa, zaatari, na yale majani yanayonukia limau ambayo huwapa wanawake wenye mimba.

Masharti yake ni ya siku ya Enyo, sikukuu yetu ya kuchuma dawa katikati ya kiangazi. Majani huchumwa alfajiri kabla ya jua, yakiwa na umande, na hayaoshwi kamwe, kwa sababu umande wa siku ile ndio dawa yenyewe. Ukiyaosha umebaki na nyasi. Alifundishwa na bibi yake, nami niliamini kama alivyoamini yeye. Lakini bibi yake hakulima, kama sisi, karibu na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi, na sisi hilo hatukulifikiria. Wajinga ndio waliwao.

Vuli iliyopita wataalamu wa kilimo walikuja kuchota udongo. Baada ya mwezi ikaja barua: udongo umejaa risasi na kadimiamu, metali za sumu. Tupande lavenda ya kukamua mafuta, maana sumu hubaki kwenye mabua, mafuta hutoka safi. Ila majani ya kunywa, marufuku.

"Watoto wa juzi hao!" Trendafila alinicheka usoni. "Jembe hawajui kulishika, leo wanifundishe majani?"

"Haya, mjuaji," nikamwambia. "Asiyesikia la mkuu."

"Mkuu ni mimi hapa. Kunywa chai yako."

Nikainywa. Kesho yake asubuhi aliingia jikoni kwangu bila kitambaa kichwani, na mwanamke huyu hata kuku wake hawajamwona kichwa wazi. Mkononi alikuwa na leso nyeupe na mtungi wa majani makavu. Aliilowanisha akafuta majani ya siku ya Enyo yaliyokuwa kwenye mtungi. Leso ikawa ya kijivu kwa vumbi la kiwanda, kama imefuta jiko.

"Ralitsa anakunywa vikombe vitatu kwa siku," alisema.

Ralitsa ni mke wa mwanawe wa pekee, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita.

"Mwambie aache. Leo hii."

"Nimwambieje, dada? Anakunywa kwa sababu nilimwapia kwamba mimba hii itashika."

Mimba mbili za Ralitsa zilikuwa zimetoka kabla ya hii, na sote tulisema ni mapenzi ya Mungu.

Nilitoa gari langu, Lada kuukuu, tukaenda hospitali mjini sisi watatu. Njiani Trendafila alimweleza mkwewe habari ya barua, kwa sauti ndogo nisiyoizoea. Ralitsa hakugomba. Alisema tu, "Mama, ulikuwa unanitakia mema," na maneno hayo yaliniogopesha kuliko kama angepiga kelele. Mimi niliyazuia machozi niweze kuiona barabara.

Walimtoa damu, tukangoja majibu hadi mchana, kipande cha banitsa, mkate wa jibini, kikipoa mapajani mwangu bila kuliwa. Kisha daktari, mama mmoja mwenye miwani, alituita ndani. Kiwango cha risasi katika damu kilikuwa juu. Juu sana kwa mwenye mimba. Mtoto yu hai, moyo unapiga, watamfuatilia kila wiki, lakini kuahidi hawezi.

"Nahitaji kujua umekunywa kwa muda gani," alimwambia Ralitsa. "Risasi hujificha kwenye mifupa. Kama ni miezi, ni habari moja. Kama ni miaka, ni nyingine."

"Tangu nipate mimba hii," akajibu Ralitsa. "Miezi sita."

Nilimtazama Trendafila. Nilijua anachokijua, kwa sababu nilikuwepo. Angeweza kunyamaza, na nakiri kwamba kwa dakika ile niliomba anyamaze.

"Si kweli," alisema. "Tangu harusi. Nilikuwa nikiyatia kwenye chai yake ya asubuhi bila kumwambia, ashike mimba upesi. Miaka minne."

Daktari aliacha kuandika. Ralitsa aligeuka polepole kwenye kiti, akamtazama mama mkwe wake, midomo ikihesabu bila sauti.

"Mama," alisema. "Na wale wawili?"

Nimekaa jirani na Trendafila miaka ishirini, na hakuna ugonjwa kijijini aliowahi kukosa jibu lake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Naogopa. Sijui."