Kidole cha Mkuu wa Stoo

Mkuu wa stoo ya makumbusho, kwa kufoka humwezi! Msaidizi wake akisogelea tu zile saa kuukuu zilizopakwa rangi ya mionzi ya kung'aa gizani, utasikia, "Wewe dada, rudi nyuma, sumu hiyo!" Halafu mwenyewe analamba kidole, anafuta vumbi kwenye saa iliyopasuka kioo, analamba tena, anahamia nyingine, huku anapiga mluzi. Jana msaidizi uzalendo ukamshinda, akakisogeza kipimo cha mionzi kwenye kile kidole. Weee! Kipimo kikalia kama kimekanyagwa. "Mzee, utakufa jamani!" Mzee akacheka. "Kibovu hicho. Hebu lete kitabu chake cha maelekezo." Akaletewa. Akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kwanza.