Nondo kwenye Mbegu ya Mama

Niliwahi kusoma kwenye simu habari za nondo mmoja mdogo anayepatikana katika nchi moja tu duniani, nchi ya kisiwa, na watu wazima wanakosa usingizi wakihofia atapotea. Nilisonya. Nondo wangu mimi wamejaa kila kona ya mji wetu wa Baraka, na sina huruma nao hata kidogo.

Mama alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na fungu la mahindi mekundu, mbegu aliyoachiwa na bibi. Nusu alimpa mdogo wake, mama mdogo anayeishi Kazimia. Nusu aliitundika juu ya mafiga, na kila baada ya mavuno alitundika mengine palepale kwenye moshi. Sokoni mbegu ile huipati.

Mwaka jana nikamjengea jiko la matofali. Mimi ni mwalimu, napokea wageni, na yale masizi yalinitia aibu. Nikamnunulia mbabula, jiko dogo la makaa, nikashusha mahindi, nikayapukuchua na kuyafunga kwenye mfuko mpya.

"Mama, sasa iko safi," nikamwambia. Kumbe ni moshi uliokuwa unawafukuza wadudu miaka yote ile. Mjinga mimi, na shule zangu zote!

Mvua za kwanza zilipokuja, shamba lilikuwa limeshalimwa. Nikafungua mfuko, wakanirukia usoni: nondo wadogo kama punje za mchele, rangi ya majani makavu. Kila punje ya mahindi ilikuwa na tundu. Mama akamimina yote kwenye beseni la maji, maana mbegu nzima huzama. Zilielea zote. Akazikoroga kwa mkono, akangoja, akazikoroga tena. Niliumia kumtazama.

"Mupigie mama yako mudogo," akasema. "Yeye iko na yake."

Nikapiga simu haraka haraka, roho ikianza kutulia. Nikamuomba mama mdogo hata kopo moja tu.

"Si ni weye ulikuja huku Pasaka," akasema, "ukaniambia moshi ni mambo ya batu ya zamani? Nilishusha yote siku ileile, nikaweka mu mufuko. Nilifungua juzi. Iko mavumbi tu, mutoto yangu."

Mama alikuwa amesimama karibu yangu, mikono bado inadondosha maji.

"Anatuma lini?" akaniuliza.