Mafiga Kutoka Kivuko cha Lwande

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba uchovu ni kitu ambacho mtu anaweza kukitua mahali na kukiacha, kama anavyotua mzigo wa kuni. Sikulipata hilo shuleni. Nililiona kila tulipovuka Mto Lwande kwenda kituo cha treni cha Igalula, maana kando ya kivuko palikuwa na lundo la mawe lililonipita kimo, na hakuna mtu mzima wa kijiji chetu aliyepita pale bila kuongeza jiwe lake.

Bibi yangu mzaa baba, Bibi Nyamizi, alinieleza mara moja na hakurudia. Alisema hiyo ndiyo njia waliyopita wapagazi, wakitoka pwani kwenda Ujiji na wakirudi. Wengi walikuwa watu wetu, Wanyamwezi, na babu yake mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Kwetu ni mchanga mtupu, mawe ni ya kutafuta, kwa hiyo mpagazi aliokota jiwe mlimani na kwenda nalo juu ya mzigo aliokuwa nao. Akifika kivukoni alilisugua shingoni na magotini, akaliweka. Uchovu ukabaki pale, yeye akavuka.

"Na mtu akiliondoa?" nilimuuliza.

"Ataubeba yeye."

Ninaandika kama nilivyosikia. Sijakuta mahali pengine palipoandikwa hivyo, na Bibi hakudai kwamba aliona. Alikuwa Mmoraviani, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na sikumbuki kumwona akisumbuka kati ya mambo hayo mawili. Aliweka jiwe lake, akaendelea na wimbo pale alipoukatizia.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu, Baba Mdogo Mihayo alioa. Mkewe, Mama Mdogo Kalunde, alitoka mbali kidogo na kwetu, msichana mwembamba mwenye kicheko cha ghafla kilichowatisha kuku. Alipoingia katika nyumba yake alikuta jiko la matofali ya udongo, yale yanayomomonyoka chungu kikifurika. Hakulalamika. Ila Baba Mdogo alitaka mke wake apikie mafiga ya mawe, kama wenye nazo. Siku moja alirudi kutoka Igalula akiisukuma baiskeli, na kwenye keria alikuwa amefunga mawe matatu kwa mpira, mazuri, ya mviringo, yanayolingana kama ndugu.

Bibi alikuwa anachambua karanga za mbegu. Hakuinuka.

"Mihayo, hayo mawe yana wenyewe."

"Wenyewe wako wapi, Mama?"

"Walipita."

"Basi, si wamekwisha kupita?" Baba Mdogo alicheka, akayapeleka jikoni.

Bibi aliendelea na karanga zake. Nilingoja aseme neno jingine, hakusema. Siku hizo nilidhani amekubali. Sasa nadhani aliona aibu kumgombeza mtu mzima mbele ya mke mgeni.

Nyumba ile ikaanza kulala.

Sijui namna bora ya kulisema. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, watu wote wako shambani, na Baba Mdogo, aliyekuwa wa kwanza kuamka kijijini, alikutwa amesimama katikati ya tuta, kidevu juu ya mpini wa jembe, macho yamefumba. Mama Mdogo Kalunde aliketi mbele ya moto na mwiko mkononi, uji ukachemka, ukamwagika, ukaungua, naye akiutazama tu kama mtu anayetazama mvua. Kicheko kilipotea. Kuku walizoea kuingia mpaka ndani na kudonoa karibu na miguu yake. Hata mwanga wa mchana ndani ya ua ule ulikuwa kama umechujwa kwenye kitambaa.

Mimi nilikula kwao mara nyingi, kwa sababu Mama Mdogo alinipa ukoko wa ugali. Nikaota ndoto moja, ikarudi na kurudi. Nilikuwa natembea katika njia nyembamba yenye vumbi jeupe, mbele yangu mgongo wa mtu, nyuma yangu pumzi ya mtu, na kichwani nina kitu nisichokiona. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyekuwa na huzuni pia. Tulikuwa tunakwenda tu. Nilipoamka shingo iliniuma.

Zahanati walimpima Mama Mdogo, wakasema ni mjamzito na damu ni pungufu, wakampa vidonge na kumwambia ale mboga za majani. Hiyo ni kweli na ninaiandika kwa sababu ni kweli. Lakini vidonge vilikwisha na yeye alizidi kufifia. Siku aliyoanguka njiani kutoka kisimani, ndoo ikapasuka, Bibi alijifunga khanga ya pili akaenda kituoni Igalula kumwita mtani.

Msomaji asiye wa kwetu huenda akajiuliza kwa nini mtani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi hizo hizo za misafara, watu wetu walipokuwa wakishuka pwani na kukaa kwao wakingoja mizigo. Mtani anakutukana na hukasiriki, anachukua kuku wako na humshitaki. Na penye mkosi, mtani hugusa kile ambacho wenyewe hawawezi kukigusa, kwa kuwa si chake, hakimshiki.

Mtani wetu alikuwa Mzee Pazi, mfanyakazi wa reli, Mzaramo mnene mwenye sauti ya kuita treni irudi.

"Hodi, wabeba mizigo!" alipiga kelele kabla hajafika uani.

"Karibu, mla nazi," Bibi alijibu. "Nani kakuruhusu kushuka mtini?"

"Nimesikia mmelazwa na mawe matatu. Babu zenu walikuja na pembe vichwani mpaka kwetu, wakatumalizia nazi, wakarudi na mabunda ya nguo. Leo figa limewashinda?"

"Maneno punguza. Yachukue."

"Nitachukua na jogoo."

"Jogoo gani? Hapa kuna matetea tu."

"Na huyo anayewika nyuma ya nyumba ni mjukuu wako?"

Hapo Mama Mdogo Kalunde, aliyekuwa amelala kwenye mkeka na uso umegeukia ukuta, alicheka. Kicheko kidogo, kikavu, lakini kuku walishtuka. Nakumbuka Baba Mdogo alivyosimama mlangoni akimtazama mkewe, kofia mkononi.

Bibi alisokota khanga kuwa ngata. Mawe yaliwekwa ndani ya tenga, bado yana masizi, na Mzee Pazi akatwikwa. Aliyumba, akajishika kiuno, akatoka. "Leo Mzaramo mpagazi, Mnyamwezi tajiri!" aliimba njia nzima, na sisi watoto tukamfuata tukiitikia.

Kivukoni aliacha mzaha. Alitua tenga, akaweka mawe moja moja kwenye lundo, upande wa chini, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani aliyeko ndani: "Mwenye mzigo, watu wako walikosea. Mimi si wa kwenu, siwezi kukubebea. Pokea."

Jua lilikuwa la utosini. Mto ulikuwa umejaa nusu, na ng'ambo ya pili hewa ilitetemeka juu ya mchanga. Katika kutetemeka kule niliona watu wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kitu kichwani, bila haraka. Niliwatazama muda mrefu. Kisha ikawa miti. Sikumwambia Bibi, na sijapata kuongeza chochote juu ya nilichoona.

Mama Mdogo alirudi kwenye matofali yake ya udongo. Polepole akapata nguvu, na wakati wa kuvuna karanga akajifungua binti, Milembe.

Sasa ninaishi Mtendeni, mjini Tabora, na Milembe ndiye anayeongoza kikundi cha kutunza Mto Lwande. Ni watu wa kujitolea, wakulima na waendesha bodaboda na walimu wawili watatu. Jumamosi wanaokota plastiki, wanapanda miti ya asili kwenye kingo, na wanabishana na wachimba mchanga ambao magari yao yameufanya mto kuwa mpana na mfupi wa kina kama sinia. Wanakusanya pia historia ya mto, kwa hiyo Milembe alinifuata.

"Dada, wewe ndiye unayekumbuka. Njoo uone kivuko."

Nilikwenda. Mto ulikuwa umekula ukingo mpaka chini ya lundo. Upande mmoja mawe yalikuwa yananing'inia juu ya hewa, yakishikwa na mizizi michache. Lundo lenyewe lilikuwa limepungua, au mimi nimekua, sitaamua.

"Mvua ya kwanza tu," Milembe alisema. "Ikinyesha usiku mmoja, asubuhi hakuna kitu."

Kijana mmoja wa bodaboda alisema mawe yapo pale pale, kwa nini tuhangaike, tuyashushe tujengee ukingo. Mama mmoja wa makamo alimjibu, "Anza wewe. Mimi nina wajukuu." Watu walicheka, lakini kijana hakuanza. Siku ile hakuna aliyeligusa hata jiwe moja. Wakiyaacha, mto utayachukua. Wakiyajengea, lundo litakuwa limekwisha kwa mikono yao wenyewe. Na hata kuyasogeza tu mbali na ukingo ni kuyaondoa, ndilo jambo lililokatazwa. Milembe alinitazama. Yeye alikuwa tumboni mambo yale yalipotokea, na nadhani amesikia tangu utotoni kwamba nusura mawe hayo yamzuie kuzaliwa. Hata hivyo ndiye aliyetaka lundo libaki kuliko mtu yeyote.

Nikawasimulia habari za Mzee Pazi, ambaye amekwisha kufariki. Nikawaambia pia kwamba ninaye mtani.

Shabani anatengeneza baiskeli mtaani kwetu, babu yake alikuja na reli kutoka Uzaramo. Kila asubuhi nikipita ananiamkia, "Shikamoo mpagazi," na mimi namjibu, "Marahaba, mkwezi." Nilimweleza shida. Aliuliza jambo moja tu: kama kuna jogoo.

Jumamosi iliyofuata alishuka kwenye bodaboda pale kivukoni, akawaangalia watu wote wa kikundi, akaliangalia na lundo.

"Kwa hiyo mzigo wenu mpaka leo hamjaufikisha?"

Milembe alimpa jogoo, miguu imefungwa. Shabani alimpima mkononi. "Huyu mbona mwembamba hivi? Naye katoka Bagamoyo kwa miguu?"

Kisha, kama yule mzee wa zamani, aliacha mzaha. Hakuna aliyemfundisha. Alichukua jiwe la juu kabisa, akaliweka kichwani juu ya ngata, akalipeleka mpaka kwenye mwinuko, mbali na ukingo, ambako Milembe alikuwa amesafisha mahali. Akalitua. Akasema, "Hatuwaondoi. Tunahama nanyi, mto umewafuata." Akatugeukia. "Njia imefunguka. Mengine bebeni wenyewe, mimi si punda wenu."

Tukabeba. Tulipanga mstari mmoja, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, na mawe yalikuwa mazito kuliko yalivyoonekana. Mwanzoni vijana walipiga kelele, baadaye wakanyamaza. Mbele yangu mgongo wa mtu, nyuma yangu pumzi ya mtu. Jua lilikuwa la utosini. Niliinua macho mara moja kutazama ng'ambo ya mto, mahali nilipokuwa nimeona wale watu, nikawaza kwamba mtoto ambaye angesimama kule saa ile angetuona sisi, kila mmoja na kitu kichwani, katika hewa inayotetemeka. Sisemi kwamba ndicho nilichokiona. Ninasema tu kwamba nilisimama, na aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Mama, twende."

Chini ya lundo, karibu na mwisho, niliyakuta yale matatu. Miaka imeosha masizi, lakini upande mmoja wa kila jiwe umeiva kwa moto, mwekundu wa kahawia, wenye nyufa nyembamba. Niliyabeba mwenyewe, moja baada ya jingine. Milembe alitaka kunisaidia, kisha akaona uso wangu, akaniachia.

Jioni nilimpitia Mama Mdogo Kalunde. Amekuwa mzee sasa, Baba Mdogo alimtangulia, na anaishi na Milembe. Shingo ilikuwa inaniuma na alitambua kabla sijaketi.

"Mazito?"

"Mazito, Mama."

"Hata yale yangu?"

"Hata yale."

"Upande ulioungua umeuelekeza wapi?"

Nilimwambia nimeuelekeza ndani, yatazamane, kwa kuwa sikupenda watu waje kuuliza.

"Vizuri," alisema. "Basi wenye mawe wana moto."

Nimekuwa nikimfikiria Bibi tangu siku ile. Hakuwahi kutuambia kwamba mawe yale ni matakatifu, wala kwamba yana nguvu. Alisema yana wenyewe. Niliishi na maneno hayo nikidhani ni onyo, na yalikuwa onyo, lakini yalikuwa pia njia yake ya kutaja watu ambao hakuna aliyebaki anayeyajua majina yao, kila alipokwenda kituoni na kurudi. Mama Mdogo alinipa dawa ya kuchua shingo, nikamshukuru, nikaiweka mkobani. Nililala shingo ikiuma. Niliona si vibaya, kwa usiku mmoja, kuwashikia wapagazi uchovu wao.